Insulini ya binadamu isiyotoka kwa binadamu

Ukifungua friji ya mama mmoja jirani yangu hapa Eastlands, Nairobi, utakuta mlangoni mwake, kati ya mayai na pakiti ya maziwa, kichupa kidogo ambacho hakuna mtu wa nyumba hiyo anayeruhusiwa kukigusa isipokuwa yeye na bintiye wa miaka 11. Ni dawa ya insulini. Binti huyo ana kisukari cha aina ya kwanza, ule ugonjwa ambao mwili wenyewe huharibu sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini. Bila ya sindano zake za kila siku hawezi kuishi.

Siku moja alinijia na kichupa hicho mkononi. "Anko, hapa wameandika ni insulini ya binadamu. Ni ya binadamu gani? Walimtoa wapi?"

Nilibabaika. Nimeandika habari za afya kwa miaka kadhaa lakini sikuwa nimejiuliza swali hilo hata mara moja. Nikamwomba anipe wiki moja. Haya unayoyasoma ndiyo niliyomjibu, nikiyaongezea mengine ambayo yeye bado hajafika darasa la kufundishwa.

Tani mbili za nguruwe

Hebu kwanza turudi nyuma kidogo. Hadi kufikia mwaka wa 1921, mtoto akipatikana na ugonjwa huo wazazi walijua kwamba watamzika. Madaktari walikuwa na njia moja tu ya kumrefushia siku, nayo ni kumnyima chakula ili sukari isipande. Wengi walikonda wakabaki mifupa mitupu kabla ya kukata roho.

Mwaka huo Frederick Banting na Charles Best, wakifanya kazi katika maabara ya Profesa John Macleod huko Toronto, Kanada, walifaulu kutoa insulini katika kongosho za mbwa, na baadaye za ng'ombe. Mgonjwa wa kwanza kudungwa alikuwa kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, tarehe 11 Januari 1922. Haikumfaa. Dawa ilikuwa na uchafu mwingi, sukari ilishuka kidogo tu, na pale alipodungwa pakafanya jipu. Mwanakemia James Collip akajifungia maabarani kuisafisha. Tarehe 23 ya mwezi huo huo kijana akadungwa tena, na safari hii sukari ikashuka vizuri. Aliishi miaka 13 zaidi.

Liweke jambo hilo akilini, msomaji, kwa sababu litarudi tena na tena katika kisa hiki: dawa ilikuwa ile ile, na usafi ndio uliomwokoa mgonjwa.

Kwa muda wa miaka 60 hivi iliyofuata, insulini yote iliyotumiwa duniani ilitoka katika vichinjio. Kongosho za ng'ombe na nguruwe zilikusanywa, zikagandishwa, zikasagwa. Ili kupata insulini safi ya gramu 230 hivi, zilihitajika zaidi ya tani 2 za viungo vya nguruwe. Isitoshe, insulini ya mnyama haifanani kabisa na yetu. Insulini ni mlolongo wa vipande 51. Ile ya nguruwe inatofautiana na ya binadamu kwa kipande 1, na ya ng'ombe kwa vipande 3. Tofauti ndogo, lakini miili ya baadhi ya wagonjwa iliikataa, ngozi ikavimba na kuwasha. Na sihitaji kukueleza mashaka ya Mwislamu aliyeandikiwa dawa ya nguruwe, au Mhindu aliyeandikiwa ya ng'ombe.

Wagonjwa wakazidi kuongezeka na vichinjio vikabaki vile vile. Ilionekana wazi kwamba siku moja kongosho hazitatosha.

Usaha wa hospitalini

Maelezo ya namna ya kutengeneza insulini ya binadamu yamo ndani ya karibu kila seli ya mwili wako. Yameandikwa katika uzi mwembamba mno uitwao DNA. Uzi wa seli moja tu ukinyooshwa hufika karibu mita 2, na bado umekunjwa ukaenea ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho. Kipande cha uzi huo chenye maelezo ya kitu kimoja, mathalan insulini, ndicho tunachokiita jeni.

Wataalamu waliwaza hivi: tukiweza kuchukua jeni ya insulini na kuiunga katika DNA ya kiumbe kinachozaliana upesi, kiumbe hicho kitatutengenezea insulini bure. Maneno matamu. Lakini ili uunge uzi ni lazima kwanza uupate ukiwa safi, kisha uwe na mkasi wa kuukata na gundi ya kuuunganisha. Vitu hivyo vitatu ndivyo vilivyokula karibu miaka 100.

Aliyeanza ni Friedrich Miescher, kijana Mswisi aliyekuwa akifanya kazi Tübingen, Ujerumani, katika maabara iliyowekwa ndani ya jiko la zamani la ngome. Kila siku alikwenda kuchukua bendeji zilizotumika katika hospitali ya upasuaji. Naam, bendeji zenye usaha! Usaha umejaa chembe nyeupe za damu, na chembe hizo zina viini vikubwa. Aliziosha bendeji kwa maji ya chumvi maalumu, akachukua ute wa tumbo la nguruwe unaoyeyusha nyama ili kuondoa protini, na mwaka wa 1869 akabaki na kitu cheupe ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiona. Alikiita nukleini. Mkubwa wake, Felix Hoppe-Seyler, hakumwamini; alirudia majaribio yote kwa mikono yake mwenyewe, na ripoti ikachapishwa mwaka wa 1871. Kitu hicho kilikuwa DNA. Ilipofika mwaka wa 1944 ndipo Oswald Avery na wenzake huko New York walipoonyesha kwamba ndicho hasa kinachobeba urithi.

Jaribu nyumbani

Usidhani kazi ya Miescher haiwezekani jikoni kwako. Binti wa jirani yangu na mimi tuliifanya Jumamosi moja, tena bila usaha. Ponda nusu ya ndizi iliyoiva kwenye kikombe. Katika kikombe kingine weka maji nusu, kijiko kidogo cha chumvi na kijiko cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Koroga polepole usitoe povu. Changanya na ndizi, uache dakika 10, kisha uchuje kwa kichungi cha chai au kitambaa safi uingie kwenye glasi. Sasa chukua spiriti ya duka la dawa iliyolala kwenye friza, uinamishe glasi na uimimine taratibu ipite ubavuni, kiasi sawa na ule mchuzi. Mtu mzima awepo, na jiko liwe limezimwa, kwa maana spiriti hushika moto upesi. Usionje.

Baada ya dakika chache utaona utando mweupe ukipanda kati ya mchuzi na spiriti, kama kamasi au pamba iliyolowa. Uzungushe kwenye kijiti cha meno. Umeishika DNA ya ndizi.

Sabuni imefanya nini? Utando wa seli umejengwa kwa mafuta, na sabuni huyavunja kama inavyoyavunja kwenye sufuria. Chumvi huzifanya nyuzi zisisukumane. Spiriti nayo hukataa kuyeyusha DNA, kwa hiyo inaganda na kuonekana.

Lakini nisikudanganye: ulichokishika kimejaa uchafu mwingine wa ndizi. Ukikipeleka kwenye maabara watakucheka. DNA yenye uchafu haikatiki wala haiungiki, kwa sababu mikasi yenyewe huharibiwa na uchafu huo.

Mkasi na gundi

Mikasi ya DNA haikutengenezwa na mtu. Ilikutwa imetengenezwa tayari. Bakteria, wadudu wale wadogo waliomo matumboni mwetu na kila mahali, nao hushambuliwa na virusi. Kujikinga, wana vimeng'enya vinavyokata DNA ya virusi vinavyoingia. Mswisi Werner Arber ndiye aliyelifumbua fumbo hilo, na mwaka wa 1970 Hamilton Smith wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alionyesha kimeng'enya kinachokata mahali pamoja tu maalumu, kila mara, bila kubahatisha. Mwenzake Daniel Nathans akakitumia kuichora ramani ya DNA ya virusi. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1978.

Mkasi uliopata sifa kuliko yote unaitwa EcoRI, nao ulitoka katika maabara ya Herbert Boyer, San Francisco. Uzuri wake ni kwamba haukati moja kwa moja kama kisu kwenye mkate. DNA ina nyuzi mbili zilizoshikana, na mkasi huu hukata uzi wa juu hapa na wa chini pale mbele kidogo, ili kila upande ubaki na kijincha kinachoning'inia. Mwaka wa 1972 Janet Mertz na Ronald Davis, wa Chuo Kikuu cha Stanford, waliona kwamba ncha hizo zinanatana zenyewe. Yaani ukikata DNA ya chura kwa EcoRI na ya bakteria kwa EcoRI, ncha za chura zitashikamana na za bakteria kama vile ni za ukoo mmoja.

Kushikana huko ni kwa muda. Kinachofunga fundo la kudumu ni kimeng'enya kingine, ligasi, kilichogunduliwa mwaka wa 1967 na maabara kadhaa karibu kwa wakati mmoja. Kazi yake ndani ya seli ni kutengeneza nyuzi zilizokatika. Hiyo ndiyo gundi.

Sandwichi za Honolulu

Novemba 1972, Boyer alikwenda kwenye mkutano huko Honolulu, Hawaii. Stanley Cohen wa Stanford naye alikuwepo. Cohen alikuwa mtaalamu wa plasmidi, vipete vidogo vya DNA ambavyo bakteria hubeba kando na DNA yao kubwa, na alikuwa amejua namna ya kuviingiza ndani ya bakteria wengine. Usiku mmoja waliingia katika kihoteli karibu na ufuo wa Waikiki, wakaagiza sandwichi, na mazungumzo yakawanogea. Mmoja ana mkasi, mwingine ana gari la kubebea mzigo. Kwa nini wasishirikiane?

Walishirikiana. Annie Chang, fundi wa maabara ya Cohen, alisafirisha vichupa vya sampuli kwa gari kati ya Stanford na San Francisco. Walichukua plasmidi yenye jeni inayomkinga bakteria dhidi ya dawa ya tetrasaiklini, wakaikata, wakaiunga na kipande kinachomkinga dhidi ya dawa ya kanamaisini, kisha wakaiingiza kwa bakteria.

Hapa ndipo palipo na ujanja ninaoupenda kuliko wote. Kati ya mamilioni ya bakteria, ni wachache mno wanaopokea mzigo. Utawajuaje? Wamwagie dawa zote mbili. Wasiopokea watakufa; wale watakaoishi ndio uliokuwa ukiwatafuta. Ripoti yao ilitoka Novemba 1973. Mwaka uliofuata wakaweka jeni ya chura ndani ya bakteria, na bakteria wakazaliana nayo kana kwamba ni yao tangu kuumbwa kwa dunia.

Kabla yao, mwaka wa 1972, Paul Berg wa Stanford alikuwa ameunga DNA ya virusi vya nyani na ile ya virusi vya bakteria, lakini hakuiingiza kwa kiumbe hai. Aliogopa. Virusi vile vya nyani viliweza kusababisha uvimbe kwa wanyama wa maabara, na bakteria waliotumiwa ni jamii ya wale wanaoishi matumboni mwetu. Mwaka wa 1974 yeye na wenzake waliomba wanasayansi wote wasimamishe majaribio ya aina fulani, na Februari 1975 wakakutana Asilomar, California, kuwekeana masharti. Ni mara chache utaona watu wakijifunga mikono wenyewe kabla ya kulazimishwa na serikali.

Sisi wenyewe tumekuwa na mjadala wetu. Novemba 2012 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uagizaji wa vyakula vilivyobadilishwa jeni, Oktoba 2022 baraza la mawaziri likaiondoa marufuku hiyo, na kesi zikafuata mahakamani. Mimi siingii kwenye ugomvi wa mahindi leo. Nasema tu kwamba nimewasikia watu wakilaani sayansi hii yote kwa jumla, ilhali kwenye friji zao kuna kichupa kama cha jirani yangu.

Panya aliyeingia bila hodi

Mwaka wa 1976 kijana mwekezaji, Robert Swanson, alimpigia Boyer simu akamwomba dakika 10. Dakika hizo zikawa saa tatu, na bia juu yake. Kila mmoja akatoa dola 500 na wakaanzisha kampuni ya Genentech. Lengo lao lilikuwa insulini ya binadamu.

Hawakuwa peke yao. Walter Gilbert wa Harvard naye aliitafuta, akitumia jeni halisi kutoka kwenye seli. Masharti ya Marekani kuhusu jeni halisi za binadamu yalikuwa makali, kwa hiyo mwaka wa 1978 yeye na wenzake walifunga virago wakaenda Porton Down, Uingereza, kwenye maabara ya kijeshi yenye ulinzi wa hali ya juu, ambako walioga na kubadili nguo kila walipoingia na kutoka. Baada ya taabu hiyo yote walisoma jeni waliyoipata na kukuta ni ya panya! Sampuli zao zilikuwa zimechanganyika na DNA ya panya waliyokuwa wakiifanyia majaribio hapo awali. Nilikuambia usafi utarudi.

Genentech walikwepa taabu hiyo. Keiichi Itakura na Arthur Riggs, wa hospitali ya City of Hope huko California, waliitengeneza jeni hiyo kwa kemia, herufi kwa herufi, bila kugusa seli ya mtu. Hivyo masharti yale hayakuwabana. Insulini ina minyororo miwili, mmoja wa vipande 21 na mwingine 30. Bakteria kundi moja walitengeneza ule, kundi jingine huu, kisha ikaunganishwa. Agosti 1978 ikafaulu. Oktoba 1982 serikali ya Marekani iliidhinisha iuzwe na kampuni ya Eli Lilly kwa jina la Humulin, dawa ya kwanza ya namna hiyo duniani. Baadaye kampuni ya Novo ya Denmark ilitumia hamira badala ya bakteria. Ndiyo, ndugu ya hamira ya mandazi.

Kwa hiyo nilimjibu binti: hakuna binadamu aliyetolewa chochote. Maneno ndiyo ya binadamu. Mwandishi ni mdudu.

Siku mbili, kisha nusu saa

Pengine wewe mwanafunzi utataka kujua hao mafundi walizisafishaje plasmidi zao. Katika miaka ya 1970 ilikuwa kazi ya kuchosha. Mchanganyiko wa bakteria waliovunjwa ulitiwa chumvi nzito ya siziamu na rangi iitwayo ethidiamu bromaidi, ukazungushwa kwa mashine makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika, kwa siku moja au mbili. DNA hujipanga kwa tabaka kulingana na uzito wake. Kisha unamulika kwa taa ya miali isiyoonekana, tabaka linang'aa rangi ya machungwa, unachoma ubavu wa chupa kwa sindano na kulifyonza. Mkono ukitetemeka, siku mbili zimepotea. Rangi hiyo yenyewe hujipenyeza ndani ya DNA, kwa hiyo huishiki bila glavu. Ndiyo hiyo hiyo iliyotumiwa kuona vipande vilivyokatwa, vikitambaa kwa nguvu za umeme ndani ya jeli itokanayo na mwani (si ule wanaolima akina mama wa Kibuyuni kule Kwale, bali jamii nyingine).

Mwaka wa 1979 Birnboim na Doly walikuja na njia inayoweza kufanywa na mwanafunzi yeyote. Bakteria wanavunjwa kwa sabuni na magadi makali, ambayo pia huzitenganisha nyuzi mbili za DNA. Kisha magadi yanatulizwa ghafla kwa asidi. Plasmidi ni pete mbili zilizopitana kama za mkufu. Hazikuachana kabisa, kwa hiyo zinarudiana mara moja na kubaki kwenye maji. DNA kubwa ya bakteria haina bahati hiyo: inajisokota na protini ikawa donge jeupe, unalitupa. Kazi ya siku mbili ikawa ya muda usiozidi asubuhi moja.

Mwaka wa 1990 René Boom na wenzake wa Amsterdam wakatumia kitu cha ajabu zaidi: silika, aina ya kioo kilichosagwa. Katika maji yenye chumvi fulani kali DNA hunata kwenye silika. Uchafu unaoshwa, kisha unaweka maji safi na DNA inaachia. Nusu saa hivi. Ukikumbuka ule ufito waliokuingiza puani wakati wa corona mwaka wa 2020, basi huenda sampuli yako ilipitia kwenye silika ya namna hiyo kabla ya kupimwa.

Dola moja na dola milioni 255

Nimebakiza la pesa, na hapa jirani yangu alininyamazia kwa muda. Mwanzoni Banting alikataa jina lake kuwekwa kwenye hataza ya insulini, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi. Mwaka wa 1923 Best na Collip, pamoja na yeye, waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja. Uvumbuzi wa Cohen na Boyer nao ulipata hataza mwaka wa 1980. Kampuni 468 ziliulipia, na hadi muda wake ulipokwisha mwaka wa 1997 ulikuwa umeviingizia vyuo vyao vikuu karibu dola milioni 255. Siwalaumu; pesa nyingine ziliendesha utafiti. Lakini mdudu anayetengeneza insulini hadai mshahara, na bado mwezi mmoja mama huyu alizunguka maduka manne ya dawa mjini kwa sababu hospitali anayoitegemea ilikuwa imeishiwa, na katika duka la nne akakuta bei inayopita alichokuwa nacho mkobani. Alikopa kwa dereva wa matatu.

"Wale wa dola moja," aliniuliza, "wako wapi siku hizi?"

Sikuwa na jibu. Binti yake wakati huo alikuwa ameweka uzi wake wa ndizi kwenye kichupa kitupu cha dawa, akakiandika jina lake na kukiweka mlangoni mwa friji, kando ya kile kingine. Asubuhi yake mama alikitupa. Kilikuwa kinatia harufu ya spiriti kwenye maziwa.